Samani za darasa la Montessori kutoka karakana ya Dar es Salaam: baada ya mwaka mmoja wa matumizi

Januari ya mwaka jana, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, lori lilitushushia hapa Tanga darasa zima lililotengenezwa na karakana moja ya useremala ya Dar es Salaam: rafu 6, meza 12, viti 24, meza ya kunawia mikono, na seti ya vifaa vya watoto wa miaka 3 hadi 6 vya Montessori, yaani mfumo wa kufundisha watoto wadogo ambamo mtoto hujichagulia kazi na kuifanya mwenyewe. Watoto wetu ni 24, wamechanganyika umri kama utaratibu huu unavyotaka, na chumba chenyewe kina urefu wa mita 8 na upana wa mita 7. Sikutaka kuandika tathmini hii kabla masika na vuli hazijapita juu ya mbao hizo, kwa sababu samani za watoto hazihukumiwi siku ya kushushwa, zikiwa bado zinanukia vanishi.

Kipimo nilichotumia ni kimoja. Nahesabu ni mara ngapi kwa asubuhi moja mtoto analazimika kuniita kwa jambo ambalo angeliweza mwenyewe: "Mwalimu, nifungulie," "Mwalimu, niteremshie," "Mwalimu, nimwagie maji." Katika chumba chetu cha zamani vifaa vyote vilikaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwangu, hata mtoto aliyejua hasa anachotaka kufanya alianza siku yake kwa kuomba. Hali hiyo ilikuwapo tangu mwanzo wa mfumo wenyewe. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, vifaa navyo vilifungiwa kabatini, na mwalimu ndiye aliyevigawa na kuvikusanya. Siku moja mwalimu huyo alichelewa, na kabati alikuwa amesahau kulifunga. Alipofika alikuta watoto wamekwisha kulifungua na baadhi yao wanachukua vitu na kuondoka navyo. Mwalimu aliona wizi, lakini Montessori aliona watoto waliokwisha kuvijua vifaa vizuri kiasi cha kuweza kujichagulia kazi, na makabati mafupi yaliyo wazi yaliletwa baada ya hapo.

Kwa hiyo rafu ndizo nilizozikagua kwa ukali kuliko kitu kingine chochote, na hapo karakana inastahili sifa kamili. Mchoro wa kwanza waliotuletea ulikuwa na rafu za kimo cha sentimita 150, zenye madaraja matano, kwa hoja kwamba chumba ni kidogo na nafasi ya juu isipotee bure. Tulikataa. Badala ya kubishana nasi kwa simu, fundi mkuu alipanda basi akaja mwenyewe. Alipiga magoti katikati ya darasa, akatazama kuta kutoka pale chini, kisha akamwomba binti yetu aliye mfupi kuliko wote asimame penye ukuta, akaweka alama ya penseli usawa wa macho yake na nyingine mahali mkono wake ulipofika bila kuinua visigino. "Mwalimu, sasa nimekuelewa," aliniambia, na mchoro ule hatukuuona tena.

Rafu tulizopokea zina kimo cha sentimita 80 na madaraja matatu. Hazina milango, na mgongo wake umezibwa kwa plaiwudi ili vitu visianguke kwa nyuma. Urefu wake ni sentimita 120 bila mbao ya kugawa katikati, jambo linaloonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba fito nyekundu, ambazo mtoto hujifunzia urefu, ni 10, na ndefu kuliko zote ni ya mita moja kamili. Nimeona rafu za madarasa mengine ambamo fito hizo husimamishwa kwenye kona nyuma ya mlango kwa kukosa pa kulala, na mtoto hawezi kuzichukua bila kuziangusha zote. Mnara wa waridi, ambao ni michemraba 10 kuanzia sentimita 1 hadi sentimita 10, una sehemu yake; kila zoezi la kumimina maji au kuhamisha maharage lina sinia lake; na kati ya sinia na sinia pameachwa nafasi ya kuingiza mikono miwili. Nafasi hiyo ina kazi kubwa. Mtoto akichukua sinia, pengo linabaki wazi, na akimaliza kazi hana haja ya kuniuliza arudishe wapi, kwa kuwa darasa zima lina pengo moja tu la ukubwa ule. Wazazi huniuliza kwa nini hatukuagiza minara mitatu ili watoto wasigombanie mmoja. Huwakaribisha waketi nusu saa kibarazani na kutazama dirishani: mtoto anayesubiri mnara hupita, huuona ukiwa kwenye mkeka wa mwenzake, hushika kazi nyingine, na mnara ukirudi rafuni huuona kabla yangu.

Kuhusu meza na viti tulikaribia kukosana, na naamini mteja yeyote wa hapa nchini atakutana na ugomvi huohuo. Kwetu samani nzuri ni samani nzito. Baba akinunua meza ya mninga hutaka wabebaji wanne wahangaike nayo ndipo aamini kwamba hela yake haikupotea. Karakana ilitushauri mninga kwa kila kitu, kwa nia njema kabisa, ili vitu vidumu. Kwa rafu tulikubali, maana rafu nzito haipinduki mtoto anapoiegemea. Kwa meza tulisisitiza paini, kwa sababu meza ambayo mtoto hawezi kuihamisha humfunga mahali ilipo, na akitaka kukaa karibu na dirisha au kuungana na mwenzake atarudi palepale pa "Mwalimu, nisogezee." Montessori mwenyewe aliagiza meza nyepesi kiasi cha watoto wawili wa miaka minne kuweza kuzibeba, wakati shule za siku zake zilikuwa na madawati mazito yaliyokusudiwa kumtuliza mtoto mahali pamoja. Meza zetu zina kimo cha sentimita 48 na viti vina sentimita 28 kutoka sakafuni hadi kalio, na kila asubuhi naona jozi za watoto zikizibeba, mmoja akirudi kinyumenyume na mwenzake akimwelekeza: "Simama, kuna mkeka nyuma yako." Kiti chepesi kikigongwa huanguka kwa kishindo, na kishindo hicho kimewafundisha kupita kwa uangalifu kuliko maneno yangu ya miaka yote. Chini ya miguu ya samani mafundi walipigilia vipande vya soli za kandambili ili visikwaruze saruji. Huisha baada ya miezi michache, lakini hata sisi wenyewe tunaweza kuvibadilisha kwa msumari mdogo.

Mahali pa maji palibuniwa na mtu ambaye hakuwahi kumtazama mtoto akinawa mpaka mwisho. Kwa macho, ile meza ya kunawia ni nzuri mno: ndoo ya lita 20 yenye koki juu, koki iko usawa wa kifua cha mtoto, sabuni ina kibao chake, na beseni kubwa limetumbukizwa ndani ya tundu chini ya koki. Mtoto wa miaka mitatu anafungua koki, ananawa, anafunga. Lakini beseni likijaa hawezi kulinyanyua, wala ndoo ikiisha hawezi kuijaza. Kwa hiyo mwanzo wa kazi ni wake na mwisho wake ni wangu. Katika Montessori mzunguko wa kazi ni mmoja, kuanzia kuchukua hadi kurudisha na kukausha, na kumkatia mtoto mwisho ni kumnyang'anya sehemu inayompa fahari. Tulitatua wenyewe kwa kuweka dumu la lita 5 lenye koki, beseni dogo la plastiki, ndoo ya maji machafu pembeni, na kitambaa cha kupigia deki kilichotundikwa kwenye msumari wa chini. Siku ya pili tu, kijana mmoja wa miaka minne alimwaga maji, akasimama akiyatazama, akanitazama mimi, kisha akaenda kuchukua kitambaa. Alipiga deki eneo kubwa mara tatu kuliko lililolowa.

Kasoro iliyoniuma zaidi ilikuja na masika. Seti ya vifaa ina mbao nne zenye matundu, na kila ubao una silinda 10 zenye vishikio vidogo, zinazotofautiana kwa unene, kwa kimo, au kwa vyote viwili. Ubora wa kifaa hiki ni kwamba hakihitaji mwalimu wa kusahihisha: mtoto akikosea tundu, silinda ya mwisho hukosa pa kuingia, naye hulazimika kurudi nyuma na kutafuta kosa lake. Mbao walizotumia hazikukaushwa vya kutosha, na kwa unyevu wa pwani hii, kufikia Aprili, silinda zilikuwa zimevimba. Nyingine ziligoma kutoka, nyingine zilitoka zikagoma kurudi. Nilimwona mtoto mmoja akijaribu silinda ileile kwenye tundu lake halisi, tena na tena, akaipeleka kwenye matundu mengine yote tisa, akarudi kwenye lile la kwanza, hatimaye akabeba ubao mzima akaniletea na kusema, "Mwalimu, nimekosea." Hakuwa amekosea hata kidogo. Kifaa kilimdanganya, na kifaa kinachodanganya ni kibaya kuliko kukosa kifaa, kwa sababu mtoto huacha kuyaamini macho na vidole vyake. Niliziondoa mbao zote nne rafuni siku hiyohiyo. Karakana haikukana kosa. Walizichukua, wakazikausha upya, wakazipiga msasa na kuzipaka rangi ya kuzuia unyevu. Lakini zilirudi Julai, na vuli ilipoingia ubao mmoja ulianza kubana tena.

Upande wa lugha nina pendekezo ambalo ningependa kila karakana ya Afrika Mashariki ilisikie. Sanduku la herufi za mbao za kuundia maneno tuliloletewa lilifuata mpangilio wa Kiingereza, lenye herufi 26 na vipande vitano vya kila herufi. Kiswahili sanifu hakitumii q wala x, na c haisimami peke yake bali hufuatana na h. Kwa hiyo vyumba viwili vya sanduku letu havijawahi kuguswa, wakati chumba cha a hubaki kitupu kabla sentensi haijaisha. Binti mmoja wa miaka mitano alikuwa akipanga mkekani "baba amepanda mnazi". Sentensi hiyo fupi inahitaji a sita. Alifika kwenye m na n, akaingiza vidole sandukuni, akapekua chini ya mkeka, akakaa kimya. Mtoto anayeandika kwa mara ya kwanza sentensi iliyotoka kichwani mwake hapaswi kusimamishwa na sanduku. Lugha yetu hufunga karibu kila silabi kwa irabu, kwa hiyo irabu ziwe nyingi maradufu au mara tatu ya konsonanti, na a iwe nyingi kuliko zote. Vilevile kwenye vibao vya herufi za msasa, ambavyo mtoto huvipapasa kwa vidole viwili huku akitamka sauti, tunahitaji ch, sh, ny na ng' kila moja kwenye kibao chake, maana kwa sikio la mtoto kila moja ni sauti moja. Nilipomweleza fundi alicheka kwa furaha na kuniambia kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kumwagiza hivyo. Vibao hivyo alivitengeneza ndani ya wiki mbili, kazi safi kabisa, na msasa wake hauchubui vidole.

Mikeka hatukuwaagiza wao. Ya ukindu inayosukwa hapahapa inatosha, mradi iwe midogo ya kubebwa na mtoto ikiwa imekunjwa. Ndoano za mikoba zilikuja nzuri, zikiwa na kimo cha sentimita 90, ingawa zilikuwa 20 kwa watoto 24.

Gharama yote ilikuwa shilingi milioni 6 na laki 2 pamoja na usafiri, nusu ikilipwa kabla ya kazi kuanza. Waliahidi mwisho wa Novemba na tukapokea Januari, kwa hiyo anayewaagiza awape nafasi ya wiki sita zaidi ya tarehe watakayotaja, na adai kuziona mbao zikiwa zimekaushwa kabla hazijapigwa randa. Kwa rafu, meza na viti nitawarudia bila kusita. Agizo letu la pili tumekwisha kulipeleka: rafu mbili za vitabu zenye kimo cha sentimita 70, ndoano 4 zilizopungua, na sanduku jipya la herufi lenye a 20, i 15, u 12, e na o 10 kila moja, bila q na bila x. Mbao za silinda hatukuwaagiza safari hii. Tunatafuta mtengenezaji anayekausha mbao zake kwa tanuri.