Loga ilirekodi kila kitu usiku ule, ila kuniamsha ndo ikashindwa

Nianze na sifa kabla hasira hazijapanda. Hii data loga, yaani kifaa cha kupima na kuandika joto la friji, inarekodi, tena inarekodi kweli, kila dakika, joto la friji, joto la chumba, mlango umefunguliwa saa ngapi, umeme umekatika saa ngapi. Inajua kila kitu. Shida inajua peke yake.

Stoo yetu ni ya dawa za baridi, zile za kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, insulini na nyinginezo, na sababu nzima ya kulipia huu mfumo ni kwamba usiku hakuna mtu pale, kwa hiyo joto likipita 8 simu yangu ilie niamke niende. Basi siku si nyingi zilizopita umeme ukakatika usiku. Loga ina betri yake ndani, ikaendelea kuandika kama karani mtiifu, 8.1, 8.6, 9.4, inapanda tu. Lakini fundi wa kampuni yenye mfumo huu wakati wa kufunga aliiunganisha na intaneti kupitia ruta ya ofisini, na ruta inakula umeme uleule uliokatika! Ruta ikazima, loga ikaona njia hakuna, ikahifadhi kila kitu kwenye memori yake, na mimi nakoroma. Asubuhi umeme unarudi ndo simu inaanza kutetemeka mfululizo, alamu za usiku kucha zinamiminika kwa mpigo, na saa zenyewe ni za UTC, saa za kimataifa, si za hapa kwetu, kwa hiyo ukisoma lazima kwanza ukokotoe.

Nafika stoo, friji inaunguruma vizuri, kioo chake kinaonyesha 5. Yaani ungeingia bila kuangalia simu ungetoa zile dawa kwa wagonjwa na usingeshtuka kabisa. Hapo lazima niseme ukweli, ile grafu ndo iliyotuokoa, tulitenga mzigo wote palepale. Lakini mzigo ulikuwa umeshapita nyuzi 8!

Nikapiga simu kwa watu wao wa huduma. Jamaa kapokea, kasikiliza nusu, akasema, "Bosi, data si unayo yote? Hakuna hata rekodi moja iliyopotea." Na anacheka. Nikamwambia kaka, mimi nilitaka kuamshwa. Akajibu tatizo ni umeme wenu, kifaa chetu kiko sawa. Sasa jamani, mfumo wa kunipa taarifa umeme ukikatika, unaohitaji umeme usikatike ndo utoe taarifa, huo upo sawa wapi?

Na siongei kwa kubahatisha. Seva yao iko mbali huko, ina umeme wake. Loga inatuma kule kijimeseji cha "nipo" kila baada ya dakika chache. Kijimeseji kisipofika mara kadhaa, seva yenyewe ndo inatakiwa inipigie, haihitaji kitu chochote kutoka kwenye friji, inahitaji tu kuhesabu muda. Nikamuuliza hiyo kitu mnayo? Akasema ipo, ipo kwenye setingi, inakuja ikiwa imezimwa "ili wateja wasisumbuliwe na meseji."

Wasisumbuliwe! Mfumo huohuo kipindi cha mwanzo waya wa sensa, kile kipima joto cha ndani ya friji, ulilegea, apu ikaanza kusoma nyuzi -127, friji gani duniani inafika huko, ile namba maana yake sensa haijibu, lakini apu ikaichukua kama baridi kali, ikanipigia kelele hadi usiku wa manane na ikaichanganya kwenye wastani wa siku. Na mlango ukifunguliwa kidogo tu mtu atoe boksi, alamu, kwa sababu hakuna aliyeweka hata dakika za kusubiri kabla ya kulia. Kwa takataka inasumbua, kwa janga inaniheshimu usingizi wangu.

Niliandika nyota moja. Halafu nikaifuta, maana baada ya kuwakomalia alikuja fundi mwingine, dada mmoja hana maneno mengi, akaweka laini ya simu ndani ya loga iwe njia ya pili, ruta akaipa UPS ndogo, betri ya akiba umeme ukikatika, akawasha ile setingi. Nikamwomba achomoe kila kitu tuone. Akachomoa ruta, UPS, antena ya ile laini, tukasimama pale tunaangalia simu, na simu ikalia. Nilifurahi kijinga. Kifaa chenyewe ni kizuri jamani, ningekuwa nakadiria kifaa na yule dada tu ningetoa nne.

Ila bili ya ile kazi ya marekebisho imekuja, wameiita "huduma ya ziada". Nyota mbili. Moja ya grafu, moja ya dada. Yule anayecheka kwenye simu hana kitu hapa.