Kuangalia mupira ku Katuba: ule ubao njo unanirudisha pale

Batu ba Lubumbashi benye kupenda mupira, kuko pahali padogo ku Katuba nyuma ya soko, jina haiko ku mulango lakini uliza kijana yeyote atakupeleka. Mabenchi ni ya mbao, ekra ni mbili, umeme ikikatika jenereta inawaka mbio, na inje kuko mama wa michopo, nyama yake laini na pilipili haimuogopi mutu.

Lakini kile kinapita vyote ni ubao. Papa mwenye pale anaandika na chaki klasima, ni kusema musimamo wa timu, ya kila shampiona, na chini yake anaandika namna banaichezesha. Uingereza timu 20, mechi 38, tatu zinashuka. Ujerumani timu 18, mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ile ya 16 inacheza baraji, mechi za kuamua nani anabaki juu, na ya tatu ya Bundesliga 2, ligi ya chini yake, pale anavuta mustari mwekundu. Tanzania timu 16, mechi 30. Ukichelewa kipindi cha kwanza haujapotea, unasoma ubao unaelewa juu ya nini batu banalalamika.

Ubelgiji njo ilileta makelele! Mwaka 2025 Genk ilimaliza mechi za kawaida ya kwanza, kisha pointi za timu sita za juu zikakatwa nusu, zikaanza kucheza tena zenyewe kwa zenyewe, na Union Saint-Gilloise yenye ilikuwa ya tatu ikachukua kombe, ya kwanza tangu 1935. Muzee mumoja akasimama, "namna gani unakata pointi za mutu mwenye alishazitokea jasho?" Papa hakubishana, akafuta, akaandika hesabu pole pole mpaka muzee akakaa. Miye niko upande wa muzee, ule mutindo siupendi hata kidogo.

Na Linafoot yetu, ligi ya Kongo, iko pale pale katikati, haikutupwa ku kona, zone mbili kisha pleiofu, timu za juu za kila zone zinakutana kutafuta bingwa. Benye kusema kugawanya zone ni haya banakosea, Marekani nao banagawanya Mashariki na Magharibi juu inchi ni kubwa, na kutoka huku mpaka Kinshasa timu inapanda ndege, hakuna njia ingine ya maana. Ila Brazil nayo ni kubwa sana na tangu 2003 banacheza wote na wote, nyumbani na ugenini, hakuna pleiofu, mwenye pointi nyingi njo bingwa. Kwangu zone ibaki, lakini kalendari ijulikane mbele na ifuatwe, juu ku klasima ukiona Mazembe na Lupopo, timu zetu za Lubumbashi, hazina hesabu moja ya mechi, hauwezi kujua nani anaongoza kweli, na sapota analipa tiketi yake kama batu bote, anastahili kujua.

Ubaya wa pale ni joto, madirisha ni madogo. Siku ya mechi kubwa fika mapema, ukae benchi ya kushoto, ya kuume nguzo inakufichia ubao.