Kuifufua baiskeli ya mbio ya zamani: seti ipi ya gia ununue?

Kabla ya kununua hata skrubu moja, toa gurudumu la nyuma upime nafasi iliyopo kati ya masikio mawili ya fremu yanayoshika ekseli, kwa upande wa ndani. Utapata moja ya vipimo vitatu: milimita 120 (baiskeli ya gia 5 nyuma), 126 (gia 6 au 7) au 130 (gia 8 na kuendelea). Kipimo hicho ndicho kitakachoamua ununue nini. Wengi huanza na leva (kishikio cha kubadilishia gia) nzuri waliyoiona mahali, kisha wakakuta gurudumu linalolingana nayo haliingii kwenye fremu.

Fremu ya chuma ya 126 inaweza kupanuliwa hadi 130, yaani milimita 2 kila upande. Vuta upande mmoja mmoja. Ukivuta pande zote kwa pamoja, ule dhaifu hupinda zaidi na gurudumu linakaa kombo. Funga uzi kwenye sikio moja, uzungushe mbele ya shingo ya fremu, urudishe hadi sikio la pili, kisha pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti kushoto na kulia. Vipimo viwe sawa. Baada ya hapo masikio yanyooshwe yawe sambamba, na kile kipande kinachobeba dereila (mkono unaohamisha cheni) kinyooshwe pia. Fremu ya alumini au kaboni usiipanue kabisa, itapasuka.

Jambo la pili ni hesabu ya waya. Kwenye gia za kubofya, ambazo leva yake ina kituo kwa kila gia, leva huvuta waya kiasi fulani, dereila huzidisha mvuto huo, na matokeo lazima yalingane na nafasi kati ya sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni). Kwa Shimano ya gia 8, leva huvuta milimita 2.8, dereila huzidisha mara 1.7, na sproketi zimeachana milimita 4.8. Kiungo kimoja kikiwa cha familia nyingine, gia mbili za katikati zitakaa sawa na nyingine zitaruka, hata ukaze skrubu hadi jioni.

Chaguo la kwanza: gia 8 za Shimano au zinazolingana nazo

Kwa fremu ya chuma ya 126 au 130, hili ndilo tunalolipendekeza bila kusita. Cheni ya gia 8 ina upana wa nje wa milimita 7.1 hivi, hivyo hukaa vizuri kwenye sproketi za mbele za zamani, na mara nyingi krenki yako (mikono ya pedali pamoja na sproketi za mbele) hubaki. Mpangilio unavumilia fremu isiyonyooka sana. Dereila za nyuma za Shimano za barabarani za gia 8 na 9 zina uwiano uleule wa kuzidisha mvuto, kwa hiyo ni rahisi kupata ya kubadilishia. Mtego mmoja: dereila za Shimano Dura-Ace za mfululizo wa 7400 zina uwiano wao wenyewe, usizichanganye na nyingine. Dereila ya mbele inunue ya mfululizo mmoja na leva, kwa kuwa mvuto wa mbele umebadilika mara kadhaa.

Nunua kaseti (seti ya sproketi za nyuma), cheni, waya na maganda vyote vipya. Cheni mpya juu ya sproketi zilizolika huruka ukikanyaga kwa nguvu. Ganda la waya wa gia liwe la milimita 4, lenye nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu. Lile la breki limezungushwa kama springi, hubonyea na kuharibu mpangilio. Kinyume chake ni hatari: ganda la gia kwenye breki linaweza kupasuka ukibana breki kwa nguvu.

Gurudumu la 130 litakuwa la 700C, lenye kipenyo cha milimita 622. Kama baiskeli ilikuwa na magurudumu ya inchi 27 (milimita 630), raba za breki lazima zishuke milimita 4. Hakikisha mikono ya breki inafika.

La pili: friwili ya gia 7 na leva za msuguano

Friwili ni seti ya sproketi za nyuma inayofungwa kwa thredi (mifuo ya skrubu) kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Fremu inabaki na 126 yake, leva zinabaki kwenye bomba la chini, na hesabu ya waya haikuhusu, kwa sababu leva ya msuguano haina vituo. Kwa anayetaka baiskeli ibaki na asili yake, hakuna bora kuliko hii. Udhaifu uko kwenye ekseli: beringi ya upande wa kulia iko mbali na ncha, hivyo ekseli hupinda au kukatika, hasa kwa mpanda baiskeli mwenye uzito mkubwa. Angalia pia thredi ya habu. Nyingi ni za Kiingereza, lakini za Kifaransa ni milimita 34.7, na friwili ya kawaida haifai.

La tatu: gia 9

Inafanya kazi vizuri, kwa uwiano uleule wa 1.7. Inafaa ukitaka hatua ndogo kati ya gia. Cheni ni nyembamba zaidi, kwa hiyo kipande cha dereila kilichopinda kidogo huonekana mara moja.

La nne: gia 10

Cheni yake nyembamba inaweza kunasa kati ya sproketi za mbele za zamani, na utalazimika kununua krenki pia. Seti ya Shimano Tiagra 4700 ni ya gia 10 lakini ina uwiano wa gia 11. Haichangamani na gia 10 za awali.

La mwisho: gia 11

Habu ya barabarani ya gia 11 ni ndefu kwa milimita 1.85, kwa hiyo gurudumu la zamani halitoshi. Utabadilisha karibu kila kitu.

Ukibadilisha krenki, tambua kwanza thredi ya bomba lake kwenye fremu. Upana wa milimita 68 kwa kawaida ni wa Kiingereza, na upande wa kulia hufunguka kwa kuzungusha kama saa. Upana wa 70 ni wa Kiitaliano, na pande zote hufunguka kinyume cha saa. Fremu za Kifaransa nazo ni 68, lakini thredi ni ya milimita 35, na nyingi hufunguka kinyume cha saa pande zote. Ikikataa kuingia kwa mkono, simama.

Cheni ikatwe mwishoni: izungushe kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupitia dereila, kisha ongeza inchi 1.