Tahadhari kwa wazazi: wakala wa boti za matanga za Zanzibar ambaye hana boti

Ndugu wasomaji, na hasa wazazi wenzangu mnaopanga kuwapeleka watoto baharini kwa mara ya kwanza, ninaandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa kukodisha boti za matanga visiwani Zanzibar, ambaye anawatafuta wateja wake hapa Kampala na Entebbe kupitia makundi ya WhatsApp ya wazazi wa shule. Mtu huyu hana boti yoyote. Familia ya shemeji yangu ilimlipa, ikasafiri na watoto hadi Nungwi, kaskazini mwa kisiwa cha Unguja, katika likizo ya Mei iliyopita, na ilipofika pwani haikupata nahodha, wala chombo, wala mtu hata mmoja aliyewahi kulisikia jina la kampuni waliyoambiwa. Sitalitaja jina analotumia, kwa sababu amekwisha kulibadilisha na yawezekana ni la mtu asiyehusika. Nitaeleza jinsi anavyofanya kazi yake, maana mtindo wake ni uleule.

Tangazo lake linaahidi katamarani (boti yenye viwiliwili viwili vilivyounganishwa) ya vyumba vinne, nahodha, mpishi na chakula, kwa siku saba, kwa watu wanane, kwa shilingi 4,500,000 tu. Anayejua biashara hii angeshtuka papo hapo, kwa kuwa boti ya ukubwa huo pamoja na nahodha wake hukodishwa kwa maelfu ya dola kwa wiki, na mara nyingi chakula, mafuta na ada za hifadhi huhesabiwa kando. Lakini familia inayosafiri hivi kwa mara ya kwanza haina kipimo cha kulinganishia, na tapeli analijua hilo vizuri sana. Ukimwuliza sababu ya bei kuwa ndogo, atakwambia kwamba mteja wa Ulaya ameahirisha safari, na kwamba nafasi hiyo itachukuliwa na mtu mwingine usipolipa nusu kabla ya jioni. Malipo anayataka kwa pesa za simu. Kabla hujaweka namba ya siri, simu hukuonyesha jina la mpokeaji, na hapo lilitokea jina la mtu binafsi ambalo halikufanana hata kidogo na la kampuni. Alipoulizwa, alijibu kwamba huyo ndiye mhasibu wao. Baada ya nusu ya kwanza kulipwa lilikuja dai la kibali cha hifadhi ya bahari, kisha la bima ya abiria, na kila dai lilifuatwa na risiti yenye muhuri. Risiti hizo zilikuwa nzuri kuliko za maduka mengi halali ninayoyajua.

Baada ya tukio nimezisoma jumbe zote na kuzitazama picha zote, na nimeona kwamba mambo yaliyomfichua yalikuwa wazi tangu siku ya kwanza, kwa yeyote anayezijua bahari na visiwa vile. Ndiyo maana naona ni wajibu wangu kuyaeleza kwa kirefu.

Tuanze na picha. Boti aliyosema imetia nanga Nungwi ilionekana mbele ya majabali makubwa ya mviringo, ya rangi ya kijivu, yaliyorundikana ufuoni. Kisiwa cha Unguja ni cha matumbawe. Ardhi yake ni ya chini, na miamba ya pwani yake ni ya chokaa iliyochongoka na kuliwa na mawimbi. Majabali ya itale (graniti) ya namna ile huonekana Shelisheli, katika visiwa kama Mahé, Praslin na La Digue, ambako biashara ya kukodisha katamarani imestawi na picha zake zimejaa mtandaoni. Aliiba picha za boti ya watu wengine katika nchi nyingine, akafuta jina lililoandikwa ubavuni. Unaweza kuipakia picha yoyote ya tangazo katika huduma ya kutafuta kwa picha, na mara nyingi itakuonyesha mahali pengine ilipochapishwa. Njia iliyo bora zaidi ni kumwomba mwenye boti akupigie simu ya video akiwa ndani ya chombo, akuonyeshe jina lake, usukani, vyumba na bandari iliyo nje. Tapeli wetu aliombwa jambo hilo mara kadhaa, na kila mara mtandao wake ulikuwa mbovu.

Ratiba ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Siku ya pili familia ingepata kifungua kinywa Nungwi, chakula cha mchana kisiwani Mafia, na kurudi kulala Nungwi. Kutoka Nungwi hadi Mafia ni zaidi ya kilomita 200 kuelekea kusini. Boti ya matanga ya familia huenda wastani wa maili tano hadi saba za baharini kwa saa, yaani kati ya kilomita tisa na kumi na tatu, kwa hiyo safari ya kwenda peke yake ingekula usiku na mchana, tena kama upepo umekubali. Hakuna nahodha duniani anayeweza kuandika ratiba kama ile. Siku nyingine boti ilikuwa iwachukue abiria katika ufuo wa Paje, upande wa mashariki, “saa yoyote mtakayopenda”. Waliofika Paje wanajua kwamba maji yakipwa, bahari husogea mbali hadi wanawake wanaolima mwani wakatembea kwa miguu mahali ambapo asubuhi palikuwa na kina. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita nne. Mwenye chombo cha kweli hupanga saa zake kwa maji, na ukimwambia unataka kuchukuliwa Paje atakuuliza kwanza ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo.

Vilevile hakusema neno lolote kuhusu upepo. Likizo ya shule zetu ya mwezi Mei huangukia mwishoni mwa masika, wakati mvua kubwa bado inanyesha pwani na hoteli nyingi hufunga au kupunguza kazi. Likizo ya Agosti huwa ndani ya kusi, upepo wa nguvu unaovuma mfululizo kutoka kusini-mashariki, ambao hufanya bahari ya upande wa mashariki kuwa na mawimbi makubwa. Familia yenye watoto wadogo hupata raha zaidi ikikaa upande wa magharibi, uliokingwa na kisiwa. Likizo ya Desemba huleta kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, ambao kwa kawaida ni mpole kuliko kusi. Mwulize anayekuuzia safari maswali haya matatu: miezi hiyo upepo unatoka wapi, usiku tutatia nanga wapi, na bahari ikichafuka tutakimbilia wapi. Nahodha atakujibu hadi uchoke kusikiliza. Huyu alijibu, “Msijali, hali ya hewa ya Zanzibar ni nzuri mwaka mzima.”

Jambo jingine linalotisha ni kwamba alimshawishi shemeji aikodi boti bila nahodha ili apunguziwe bei, na hakumwuliza kama amewahi kushika usukani. Kampuni inayokodisha boti bila nahodha hudai cheti cha uendeshaji, na mara nyingi cheti cha kutumia redio pia, pamoja na maelezo ya safari ulizowahi kuongoza, kwa sababu inakukabidhi mali yenye thamani kubwa na bima yake haitalipa ikiwa mwendeshaji hana sifa. Anayekuachia chombo kwa urahisi kuliko mtu anavyoazimisha baiskeli yake hana chombo cha kupoteza. Kwa familia isiyo na baharia ndani yake, kodini pamoja na nahodha, tena nahodha mwenye jina, leseni na historia mnayoweza kuiulizia.

Mkodishaji halali atakutumia mkataba kabla hujalipa chochote. Mkataba huo hutaja jina la boti na namba yake ya usajili, tarehe, bandari ya kuanzia na ya kumalizia, yaliyomo katika bei na yasiyomo, kiasi cha amana ya uharibifu na lini utarudishiwa, na nini kitatokea upande mmoja ukivunja safari. Malipo ya awali ni ya kawaida katika biashara hii, na nusu si kiasi cha ajabu. Tatizo ni kulipa nusu kwa mtu ambaye hajakupa karatasi. Upande wa Zanzibar, shughuli za utalii hupewa leseni na Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na vyombo hukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Omba nakala za leseni na cheti cha ukaguzi, kisha ziulizie ofisi hizo kwa anwani ulizozitafuta mwenyewe. Usitumie namba uliyopewa na muuzaji, kwa kuwa atakayepokea anaweza kuwa mwenzake. Lipa kwa benki, katika akaunti yenye jina lilelile lililo katika mkataba. Na ukipokea ujumbe wa ghafla kwamba akaunti imebadilika, hata kama unatoka kwenye barua pepe mliyokuwa mkiandikiana, piga simu na usikie sauti unayoijua kabla ya kutuma.

Msifikiri kwamba hasara inaishia kwenye fedha. Tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe ilizama katika Ziwa Viktoria upande wa wilaya ya Mukono na kuua watu zaidi ya 30. Serikali ilieleza kwamba chombo kile hakikuwa na leseni, kilikuwa kibovu, na kilibeba watu kupita kiasi. Nakumbusha tukio hilo kwa sababu mtu huyuhuyu ameanza kutangaza “safari za tanga” kwenda visiwa vya Ssese katika ziwa hilohilo, na safari hii yawezekana akatokea na chombo kweli, cha kukodi kwa mvuvi yeyote. Kabla ya watoto kupanda, hakikisheni kuna jaketi la kuokolea kwa kila mmoja wao, la kipimo cha uzito wake, kwa maana jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto anapoanguka majini. Baharini ulizeni pia kama redio inafanya kazi na nani anajua kuomba msaada kupitia chaneli 16.

Kuna uongo mwingine mdogo ambao ungeweza kuwakwamisha uwanja wa ndege: aliwaambia kwamba cheti cha chanjo ya homa ya manjano hakihitajiki kwa raia wa Afrika Mashariki. Uganda imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na wasafiri wanaotoka hapa hutakiwa kuonyesha kadi ya njano Zanzibar, na Shelisheli pia. Chanjo inapaswa kutolewa angalau siku kumi kabla ya safari. Bahati njema, mama wa watoto ni muuguzi na hakumsikiliza.

Ikiwa umekwisha kumlipa, piga simu mara moja kwa huduma ya wateja ya kampuni yako ya simu na uombe muamala uzuiwe, maana pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuirudisha. Kisha fungua jalada katika kituo cha polisi kilicho karibu, na uchukue namba ya kumbukumbu, kwani bila hiyo kampuni ya simu haitatoa taarifa za mwenye laini. Usifute mazungumzo, na usimtukane wala kumtisha. Akihisi amegundulika, hutupa laini na kuanza upya kwa jina jingine, kama alivyofanya baada ya shemeji kumkaripia.

Tangazo linalozunguka hivi sasa linahusu likizo ya Desemba. Picha ni ileile yenye majabali, bei imepanda kidogo na kuwa shilingi 5,200,000, na sasa anadai ofisi yake iko Entebbe karibu na ziwa. Mwenye kulipokea katika kundi lake amwombe msimamizi aliondoe, na alihifadhi pamoja na namba iliyolituma, kwa kuwa shemeji anakusanya ushahidi wa waathirika wengine ili uunganishwe na jalada lililokwisha kufunguliwa.