Miaka minne ya teolojia chuo kikuu: uzoefu wangu

Nilikuwa mwinjilisti wa mtaa kwa miaka sita kabla usharika haujanichangia ada nikasome shahada ya teolojia katika chuo kikuu cha Kikristo. Nimemaliza mwaka jana. Wainjilisti wenzangu wananiuliza kama kuna faida, nami nawajibu ipo, tena kubwa, ila siyo ile niliyoifuata.

Nilikwenda nikidhani nitafundishwa kuhubiri. Mwaka wa kwanza ukamezwa na Kigiriki, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa. Herufi zake 24 unazishika ndani ya wiki moja; kazi ipo kwenye vitenzi, na muhula mzima nililala na kadi za msamiati chini ya mto. Halafu tukafika Luka 15:20, kwenye mfano wa mwana mpotevu, pale baba anapomwona mwanawe angali mbali. Biblia ya Union, ile ya 1952 tuliyokua nayo, inasema "akamwonea huruma". Mhadhiri akaandika kitenzi chenyewe ubaoni, akaeleza kuwa shina lake ni neno linalotaja viungo vya ndani ya mwili: moyo, maini, matumbo. Mwenzangu wa dawati moja akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe kumwona tu mtoto kulimkata maini." Darasa likanyamaza. Mfano ule nilikuwa nimeshauhubiri mara nyingi, lakini siku hiyo ndipo nilipouona mwili wa yule baba ukiuma.

Ninachokilaumu chuo chetu ni lugha. Mihadhara, mitihani na karibu vitabu vyote ni Kiingereza, wakati waumini wanaotusubiri wanasali kwa Kiswahili. Niliandika insha ya kurasa 20 juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, nikapata alama nzuri. Likizo mzee wa kanisa akaniomba nimweleze jambo hilohilo pale barazani kwake, nikakwama katikati ya sentensi. Kazi yote ya kuyarudisha masomo nyumbani ameachiwa mwanafunzi. Sioni kwa nini hata somo la kuhubiri lifundishwe kwa Kiingereza. Maktaba nayo ilikuwa na nakala moja moja ya vitabu muhimu, kwa hiyo wiki ya mitihani mnapangiana zamu.

Kama unataka kuomba nafasi, hakikisha kwanza shahada hiyo inatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyuo vya Biblia ni vingi na vinafanya kazi njema, lakini cheti kisichotambuliwa kitakuzuia baadaye ukitaka kuendelea na masomo au kufundisha. Zungumza pia na usharika wako mapema kuhusu ada, kwa maandishi.

Mwaka wa tatu tulipelekwa hospitali ya rufaa kujifunza kuwahudumia wagonjwa. Kila jioni unaandika mazungumzo yako na mgonjwa mmoja, neno kwa neno: yeye kasema hivi, mimi nikasema hivi. Kesho yake kikundi kinayasoma pamoja na msimamizi. Karatasi yangu ya kwanza ilihusu mama mmoja wa wodi ya upasuaji. Aliniambia, "Mchungaji, mwanangu hajaja tangu Jumatatu." Mimi nikamsomea Zaburi ya 23 yote, nikamwombea, nikaaga. Msimamizi alipigia mstari neno "Jumatatu", akauliza, "Mwinjilisti, ulimuuliza mwanawe yuko wapi?"

Sikumuuliza. Mchana nikarudi wodini, nikakuta kitanda kimetandikwa shuka safi. Muuguzi akaniambia mama ameruhusiwa asubuhi. Mpaka leo sijui kama yule mtoto alikuja kumchukua. Sasa nina usharika wangu, na nikienda kumwona mgonjwa, Biblia inakaa mkobani mpaka amalize kusema.