TAHADHARI: Kuna "fundi wa nembo" anazunguka Kirumba na Pasiansi

Ndugu zangu wenye magari hapa Mwanza, kuna kijana anapita kwenye maegesho na sehemu za kuoshea magari, anasema anabandua nembo zilizochakaa, anazing'arisha na kuzirudisha bila kugusa rangi. Bei 30,000. Jumamosi nilimwachia gari nikashuka Mwaloni kununua dagaa. Kurudi, kazi imeisha, gari bado lina maji, linang'aa. Nikalipa.

Lilipokauka ndipo nikaona. Kando ya nembo ya buti kuna mikwaruzo mitatu, mmoja umefika kwenye bati. Kachokonoa kwa bisibisi! Gundi ya zamani kaisugua kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, na buti lile lilishapigwa rangi upya miaka ya nyuma, basi rangi imelainika na kufubaa. Kilichoniuma zaidi, nembo iliyorudi si yangu. Yangu ilikuwa nzito, ina pini mbili za kuingia kwenye matundu ya buti. Hii ni plastiki nyepesi, kaigandisha kwa supa gluu, na matundu yako wazi nyuma yake. Mvua ya kwanza maji yakaingia ndani ya buti. Namba aliyoniachia haipatikani.

Fundi rangi wa Nyakato aliyenirekebishia kanitoza 120,000, ila alinionyesha kazi inavyotakiwa. Kwanza unabandika tepu ya karatasi kuzunguka nembo ili ujue inarudi wapi. Unaipasha kwa drai ya saluni hadi gundi ilegee, kisha unapitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake, unauvuta huku na huku kama msumeno. Mshipi huu huu wa nailoni unaouzwa kila kona hapa kwetu! Chuma hakigusi rangi hata kidogo. Gundi iliyobaki unaipasha tena, unaisukuma kwa kidole gumba, unamalizia kwa kitambaa laini chenye spiriti. Kurudishia ni gundi ya utepe ya pande mbili, ile ya magari, juu ya rangi safi na kavu, na gari lisioshwe siku nzima.

Akija kwako, mwambie akuonyeshe vifaa kabla hujatoa funguo, piga picha nembo zako, ya mbele ya gari na ya nyuma, na usiondoke pale. Kama tayari kakuwekea kwa supa gluu, usiivute kwa mkono, itang'oka na rangi. Ipeleke kwa fundi rangi ikiwa hivyo hivyo.