Harusi ya Gozo, Septemba 2024: uzoefu wangu kwa anayejiandaa kwenda

Kama kadi yako ya mwaliko imeandikwa Gozo, lala Gozo. Wakala aliyetupangia safari alituambia Malta ni nchi ndogo, popote ukilala ni karibu, akatuwekea hoteli Sliema, mji ulio kisiwa kingine, si Gozo. Kauli hiyo ilitugharimu fedha na usingizi, na nusura itukoseshe sare.

Aliyekuwa anaolewa ni mtoto wa dada yangu. Alikwenda Malta kusoma, akampata mwenzake huko huko. Tuliosafiri tulikuwa tisa, wengine kutoka Moshi, wengine Dar es Salaam, na mkubwa wetu alikuwa mama yetu, bibi yake bibi harusi, mwenye miaka 74. Misa ilikuwa Jumamosi tarehe 7 Septemba, saa kumi na moja jioni, katika kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji pale Xewkija, kijiji cha Gozo.

Nchi ya Malta ni visiwa. Ndege inatua kisiwa kikubwa, Malta chenyewe. Gozo ni kisiwa cha pili, na kufika lazima uvuke maji. Njia ya bei nafuu ni basi la X1 kutoka uwanja wa ndege hadi Ċirkewwa, ncha ya kaskazini, kisha kivuko cha magari na watu hadi Mġarr, kama dakika 25. Kwenda hulipi kitu. Unalipa ukiwa unatoka Gozo, na sisi tulitoa euro 4.65 kila mtu. Kuna pia boti ya kasi inayotoka Valletta, mji mkuu wa Malta, hadi Mġarr kwa muda wa kama dakika 45, haibebi magari, na bahari ikichafuka yenyewe ndiyo ya kwanza kusimamishwa. Kivuko kikubwa nakisifu bila kusita. Kinatembea mchana na usiku, kisafi, kina mkahawa juu, na aliyezoea pantoni ya Kigamboni ataona jinsi watu wanavyopanda bila kusukumana.

Visa nitaigusa kwa kifupi. Malta iko Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isipungue euro 30,000, na unaruhusiwa kupeleka maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Wahini mapema. Sisi tulipeleka wiki saba kabla na pasipoti ya mjomba ikatoka siku mbili tu kabla ya ndege. Dada yangu hakula siku hizo. Barua ya mwaliko itaje undugu waziwazi: huyu ni mama mdogo wa bibi harusi, huyu ni mjomba wake. Maneno "ndugu na jamaa" hayatoshi.

Sasa sanduku. Sare zetu zote, magauni ya kitenge ya wanawake na mashati ya wanaume, tulizipanga katika sanduku moja kubwa ili zisikunjamane. Alhamisi mchana tumesimama pale mzigo unapotokea, tukahesabu masanduku yetu, hilo moja halikuja. Lilibaki tulikobadilishia ndege. Tukajaza fomu ya mzigo uliopotea, na kwenye anwani tukaandika hoteli ya Sliema, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi zetu.

Ijumaa asubuhi tukaondoka Sliema kwenda kuwasalimu wakwe. Basi la 222 hadi Ċirkewwa, foleni ya kivuko, kuvuka, basi jingine: karibu saa tatu nzima, na mama miguu imevimba. Tulipofika, mama mkwe alimtazama mama yetu, akaingia ndani, akarudi na beseni la maji baridi, akapiga magoti kumvua viatu. Dada yangu alilia palepale. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari ya kurudi Sliema. Wakwe wakatutafutia nyumba ya shamba ya zamani, ya mawe ya rangi ya asali, vyumba vitano, jiko na ua. Nyumba za namna hiyo ni nyingi Gozo, na kwa kundi la ukoo ni bora mara kumi kuliko hoteli: mnapika chai yenu, mnapiga pasi pamoja, wazee hawapotei kwenye lifti. Ila ziwekwe mapema. Sisi tulibahatika, maana tarehe 8 Septemba ni sikukuu kubwa ya kijiji cha Xagħra, jirani tu, na kisiwa kilikuwa kimejaa. Baruti za sikukuu tulizisikia tangu asubuhi. Mwenye mtoto mdogo au mgonjwa wa moyo ajue hilo kabla.

Mchana huo tukaenda Victoria, mji mkuu wa Gozo, kutafuta angalau mashati meupe ya kujistiri kama sanduku lisingefika. Maduka yamefungwa. Kule mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena kama saa kumi. Tukakaa kwenye kivuli cha miti hadi milango ikafunguliwa, tukanunua mashati matatu na mitandio, na risiti nikazitia kwenye pochi.

Jumamosi saa nne asubuhi simu ikalia: sanduku limefikishwa. Wapi? Sliema. Mtoto wa kaka yangu akakimbilia Mġarr, akapanda boti ya kasi hadi Valletta, teksi hadi hotelini, teksi tena, boti tena. Alipoingia getini na lile sanduku, saa kumi ilikuwa imepita kidogo. Tulivaa kwa dakika ishirini. Kwa hiyo nasema kwa moyo wote: nguo ya harusi haipandi kwenye tumbo la ndege. Ikunje, iweke kwenye begi la mkononi, pasi utaazima. Chaji ya simu na pasi ya kwetu vinaingia bila adapta, kwa kuwa soketi zao ni zile zile zetu za pini tatu. Na ukijaza fomu ya mzigo, andika mahali utakapokuwa siku ya harusi.

Kanisa la Xewkija lina kuba kubwa unayoiona tangu uko kwenye kivuko. Walilijenga kulizunguka kanisa la zamani, watu wakiendelea kusali ndani. Mabega yafunikwe; binti yetu mmoja gauni lake lilikuwa wazi juu, mtandio wa Victoria ukamwokoa. Visigino vyembamba viacheni. Mawe ya njiani yamesuguliwa na miguu ya watu miaka mingi, yanateleza hata yakiwa makavu. Maharusi walipogeuka kutoka altareni, dada yangu alipiga kigelegele, nasi tukapokea, na ile kuba ikakirudisha sauti mara mbili tatu. Upande wa wakwe walishtuka kidogo, kisha wakapiga makofi. Padri alikuwa ameshaambiwa na bibi harusi mapema, nasi tulimshukuru kwa kuturuhusu.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kusimama. Hapakuwa na meza kuu, mshereheshaji wala foleni ya kutoa zawadi kwa kucheza. Vyakula vidogo vidogo vinapitishwa kwenye sinia usiku kucha, na zawadi ni bahasha. Ndafu hatukuiona. Chakula kilikuwa kizuri na kingi, lakini kwa wazee saa tano za kusimama ni adhabu. Mwombeni bibi harusi awawekee viti mwezi mmoja kabla. Mama yetu kiti chake kilitoka jikoni.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni lugha. Kimalta kina asili ya Kiarabu. Ijumaa jioni bibi yake bwana harusi alikuwa anahesabu vitambaa vya meza kwa mafungu ya kumikumi: għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin. Mama yetu, ambaye hajui Kiingereza, akaitikia kutoka kwenye kiti chake: hamsini, sitini, sabini. Bibi akasimama na vitambaa mkononi. Wakaendelea pamoja hadi mia, ambayo wao wanaita mija. Usiku ule walikaa wawili wakitafuta maneno: baħar na bahari, dinja na dunia, bniedem na binadamu.

Madai ya sanduku niliyapeleka kwa maandishi pamoja na risiti, kabla ya siku 21 kupita tangu lilipofikishwa, na fedha za mashati na mitandio zililipwa. Hoteli ya Sliema haikurudisha kitu.

Jumanne wakwe walitusindikiza hadi Mġarr. Tukalipa zile euro 4.65, tukaanza kupanda, na bibi yake bwana harusi akasimama kwenye geti akimgusa kila mmoja begani: wieħed, tnejn, tlieta, erbgħa, ħamsa, sitta, sebgħa, tmienja. Wa mwisho alikuwa mama yetu. Disgħa, akasema. Tisa, akajibiwa.